Mke wa Avit Anakimbia Kwenda Wapi

Jumatatu, 7 Oktoba

Mvua ya kwanza ya maana imepiga Kahororo hapa Bukoba, na leo hiyohiyo Dk. Lwakatare, mkuu wetu wa idara, ameniita ofisini kwake. Nilidhani ni ratiba ya muhula. Akaniambia, "Jesca, nimekuona asubuhi barabarani. Unakimbia vizuri. Ningependa na tasnifu yako ikimbie hivyohivyo." Akacheka peke yake, akaendelea kucheka hata nilipokuwa nimeshafika mlangoni.

Huyu bwana kila jioni yuko kwenye meza ya pool mpaka mkewe ampigie simu. Hakuna aliyewahi kumwuliza kama pool inamchelewesha kuandika. Makala yake ya mwisho ilitoka mwanangu hajazaliwa, na mwanangu sasa yuko darasa la kwanza. Lakini mimi nikivaa raba saa ambayo yeye bado anakoroma, tayari ni mtu asiyejua anachokitaka.

Ndiyo maana nimeanza shajara hii. Nikiyasema haya kwa mdomo nitafukuzwa kazi au ndoa, au vyote kwa mpigo. Na kama siku moja Avit ataikuta, basi aisome yote, asiruke kurasa kama anavyofanya na vitabu. Ajue jinsi nyumba yake inavyokwenda yeye akiwa Dodoma anakunywa chai ya ofisini: nafundisha, naandika tasnifu ya uzamivu juu ya mnyauko wa migomba, namlea Joanitha, na alfajiri nakimbia. Sumaiya wa nyumba ya pili ananipokelea mtoto nikiwa barabarani, nami mchana nawachukua wanawe kutoka shule. Hatushukuriani, na tunaelewana vizuri sana.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimekimbia hadi ziwani na kurudi. Kwa muda wote huo hakuna aliyeniita mama, mwalimu wala mke wa fulani. Sina sababu nyingine ya kukimbia na sitafuti.

Alhamisi, 10 Oktoba

Avit amepiga simu. Sauti yake ya asali. Mama yake anakuja kututembelea, "siku chache tu, amuone mjukuu." Nikamwuliza siku chache ni ngapi. Akasema, "Mke wangu, tulitazame." Tulitazame ni neno lake. Akisema hivyo ujue jambo limeshaamuliwa, limebaki kukuangukia kichwani.

Akaniuliza kama raba alizonitumia Septemba zinanitosha. Zinanitosha. Katika familia yao nzima ni yeye peke yake aliyewahi kuniambia, "Kimbia, nipo nyuma yako." Kwa hilo namsamehe mengi.

Jumapili, 13 Oktoba

Mkwe wangu Getruda ameshuka kutoka kiti cha mbele cha lori la ndizi lililotoka Rubya, kijijini kwao, na mikungu miwili, debe la maharage na kuku aliyefungwa miguu. Kabla hajakaa ameinua mfuniko wa sufuria jikoni akachungulia. Kulikuwa na wali wa jana. Ameufunika polepole kama anayefunika maiti.

Jumatano, 16 Oktoba

Anamkagua mwanangu kama mtu anayenunua mbuzi mnadani. Amemwangalia meno, kucha, shingo. Amemwuliza analala saa ngapi, anakula nini shuleni, nani anamfulia soksi. Leo nimerudi kutoka darasani nikawakuta wamekaa chini uani, Joanitha ameshika kisu, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu wa ndizi.

"Maawe!" akaniambia Getruda. "Mtoto wa kike wa Kihaya hajui kumenya ndizi! Anamenya kama anachonga penseli."

"Ana miaka saba, mama."

"Shangazi zake wakiwa na saba walikuwa wanapika."

Joanitha alikuwa anacheka. Hilo ndilo lililonikera zaidi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nilirudi kutoka kwenye mbio nikamkuta kasimama mlangoni, khanga amejifunga kifuani, ananisubiri.

"Unakimbia kwenda wapi?"

"Siendi popote, mama. Nazunguka, narudi."

"Unarudi ulipotoka."

"Ndiyo."

"Na umelowa."

"Ndiyo, mama."

Akanitazama kuanzia rabani hadi kichwani. Mtu akinitazama namna hiyo ningependa anipige tu tujue moja. Kisha akasema chai ipo, ameweka tangawizi. Nikainywa kwa hasira. Ilikuwa tamu.

Jumanne, 22 Oktoba

Mvua. Wanafunzi wamekuja kumi, tisa wamelala.

Jumapili, 27 Oktoba

Ameondoka, na sasa najua alikuja kufanya nini.

Alikuwa ameshabeba kikapu chake, tunasubiri gari. Akaanza kuzungumza huku anatazama chini, haraka haraka, kama mtoto anayesoma sala aliyoikariri. "Mimi na baba yake Avit tumezungumza. Januari mtoto aje akae kwetu Rubya mpaka umalize hizo karatasi zako. Shule ipo, kanisa lipo, maziwa yapo. Utapumzika." Kisha akapanda gari bila kungoja jibu.

Nimebaki kando ya barabara. Kumbe ndivyo ilivyo! Ukaguzi wote ule wa kucha na soksi ulikuwa wa kunipokonya mtoto. Na tangawizi yake! Bibi huyu ni mjanja kuliko nilivyomdhania, na mimi mjinga nilikuwa nimeanza kumzoea.

Nampenda mwanangu. Naandika hivyo hapa kwa sababu inaelekea watu wanahitaji ushahidi. Nampenda hata anaponiudhi, hata anapomwaga uji juu ya rasimu ya sura ya tatu. Hatokwenda Rubya kuishi. Wakitaka wanizike kwanza.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nimempigia Avit, nimemwaga yote. Amenisikiliza mpaka mwisho, na si kawaida yake.

"Unamjua mama," akasema. "Mimi niko upande wako, Jesca. Lakini tusimvunje moyo. Tulitazame."

"Hakuna cha kutazama."

"Sawa, sawa. Ila na wewe ungepunguza kidogo hizo mbio, wazee wangetulia. Si kwamba mimi nina tatizo nazo."

Nalala nikiwa na nafuu. Angalau mmoja wao yupo upande wangu.

Jumatano, 6 Novemba

Senene wametua. Mji mzima umepata kichaa. Mlinzi wa chuo ananyonyoa senene getini badala ya kuangalia vitambulisho, na nusu ya darasa langu wameandika kwamba wanaumwa. Nimenunua bakuli moja, nikakaanga, tumekula na Joanitha mpaka mafuta yakatutiririka. Zamani mwanamke alikuwa anawanyonyoa, anampikia mume, yeye anabaki kunusa. Nimemtumia Getruda picha ya bakuli tupu. Najua ni utoto.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimeshinda Ngenge kwenye mashamba yangu ya utafiti. Mnyauko umeteketeza kibanja kizima cha mzee mmoja, migomba imekauka imesimama. Joanitha nilikuja naye maana leo na kesho hakuna shule, na Sumaiya ana wageni. Kwa hiyo tumekuja kulala Rubya kwa wakwe, ingawa moyo wangu ulikuwa unakataa njia nzima. Baba mkwe, Nicholaus, ametoka hospitali wiki iliyopita, kifua. Amelala chumba cha mbele, anakohoa, anadai pombe yake ya rubisi, ananyimwa.

Getruda amenipokea vizuri. Simwamini.

Jumapili, 10 Novemba

Sijui nianzie wapi. Naandika nikiwa Kahororo, na hasira yangu haijapoa.

Jana alfajiri niliamka kukimbia. Kuna mbio za kilomita ishirini na moja hapa Bukoba tarehe ishirini na nne na nilikuwa nimekosa mazoezi ya siku mbili. Nikasema nitashuka barabara ya kanisani, nizunguke bonde, nirudi kabla watu hawajaamka. Kwa heshima ya ukweni nilivaa suruali nyeusi ndefu, juu yake nikajifunga khanga kiunoni. Manyunyu yalikuwa yanadondoka. Simu nimeishika mkononi isilowe.

Tazama sasa hiyo picha kwa jicho la mtu wa Rubya. Mke wa nyumba ambayo nyineka, mzee mwenye nyumba, anaumwa, anatoka mbio kwenye hiyo nyumba kabla ya jua, amevaa nyeusi, amejifunga khanga, uso umelowa, hana mzigo, ana simu. Huku kwetu mtu mzima hakimbii barabarani asubuhi ila kwa sababu moja.

Kwenye kona ya kwanza palikuwa na bibi analima maharage. Akaniuliza kwa Kihaya kuna nini. Nilikuwa napanda kilima, pumzi hakuna, nikainua mkono nikautikisa: nitakuja kukusalimia, sasa siwezi kuongea. Nikapita. Nyuma yangu nikasikia kimya, kisha nduru. Nduru ndefu, ile ya msiba. Na mimi, msomi mzima, nikafikiri, maskini, kuna mtu amefariki huko juu, nikaongeza mwendo.

Nilipozunguka bonde na kuanza kurudi, majembe yalikuwa yamelala mashambani. Mtu akifa hapa hakuna anayelima mpaka azikwe, na kilima kizima kilikuwa kimeacha kulima. Watu walikuwa barabarani, wanawake wamebeba majani ya kutandika msibani, wanaume wana kuni begani, wote wanaelekea upande wa kwetu. Mama mmoja akanikumbatia katikati ya barabara. "Pole, mwana wange. Alikuwa mtu mzuri."

Hapo ndipo na mimi nikaamini. Nilimwacha mzee anakohoa, nimekwenda kujikimbilia zangu, amekufa nyuma yangu. Nikatoa ukelele ambao sikujua ninao. Nikakimbia kuliko nilivyowahi kukimbia maishani, nalia kwa sauti, khanga imefunguka inaburuta, na kila aliyekuwa na shaka kidogo akaona hivyo, shaka ikamwisha.

Nikaingia uani. Majani yameshatandikwa. Wanawake wanaimba. Na mlangoni, kwenye kigoda chake, amekaa Nicholaus na kikombe cha uji, anawatazama.

"Nani kafa?" akaniuliza.

Nilikaa chini kwenye yale majani.

Kama ingeishia hapo tungecheka. Wengine walicheka. Lakini Kahangwa, mdogo wake Nicholaus, yeye alikuwa ameshatuma bodaboda kwenda Muleba kuulizia mbao za jeneza, na habari hiyo ikatoka mbele ya watu wote, na Nicholaus akaisikia. Alimwita. "Kahangwa. Mbao za mninga au za paini?" Kahangwa akanigeukia mimi. Kwamba nimemtangazia nyineka kifo. Kwamba nimemwita mauti kwa jina. Kwamba mwanamke mwenye akili timamu, mwenye mtoto mdogo, hawezi kuwa anakimbia kimbia alfajiri ukweni kama mwizi wa kuku, na kwamba ukoo utakaa na kuamua, kuhusu mimi, na kuhusu yule mtoto.

Nikamtazama Getruda anitetee, hata kwa neno moja. Alikuwa anakusanya majani uani, ameinama, amenipa mgongo.

Jumatano, 13 Novemba

Kikao cha ukoo ni tarehe thelathini. Avit ataomba ruhusa aje. "Nitakuwepo, mke wangu," anasema. "Usiongee sana siku hiyo, niachie mimi."

Joanitha amehadithia darasa lake lote jinsi mama alivyomuua babu na babu akanywa uji. Mwalimu wake ameniita.

Ijumaa, 15 Novemba

Mvua, mvua, mvua. Nguo hazikauki. Nimekimbia na nguo mbichi.

Jumatatu, 18 Novemba

Dk. Lwakatare amekwishasikia. Mji huu hauna siri. Amenishika bega kwenye korido, akasema kwa huruma kabisa, "Pengine ni vema mtoto akae na bibi kwa muda. Mimi wangu wote walilelewa na mama yangu, na unaniona." Ninamwona. Nilikaribia kumwambia ninachokiona.

Nimeandika kurasa sita za sura ya nne kwa hasira tupu. Ni kurasa nzuri.

Ninachokiogopa nakiandika hapa ili kitoke. Naogopa kwamba siku ile watauliza, mama huyu anafundisha, anaandika, anakimbia, sasa mtoto anamlea saa ngapi, na mimi nitaanza kuhesabu masaa mbele yao kama mshtakiwa. Avit hatoulizwa. Avit ana Dodoma, na Dodoma inatosha. Wananiuliza mimi ninayelala naye nyumba moja.

Jumapili, 24 Novemba

Nimekimbia mbio zangu. Wa nne kwa wanawake. Nimepewa chupa ya maji na fulana inayomtosha Joanitha. Sumaiya alisimama kando ya barabara na watoto wote watatu, akapiga kelele, "Nenda, jirani, nenda, wamechoka hao!" Hawakuwa wamechoka. Lakini nilikwenda. Nimefurahi leo, na sitaki mtu aniguse.

Jumatano, 27 Novemba

Joanitha ameniuliza kama akikaa Rubya atarudi lini. Sijui kasikia wapi. Nikamwambia haendi. Akasema, "Ila baba kasema kwa simu tutaona." Nikamwambia tule.

Jumapili, 1 Desemba

Haya ni ya jana.

Avit alikuwa amefika Rubya tangu Ijumaa, amevaa koti lake la ofisini, amenikumbatia mbele ya watu. Wanaume wa ukoo walikaa kwenye viti sebuleni, wanawake tukakaa mkekani. Watoto walifukuzwa waende wakacheze. Getruda alipitisha kisahani cha kahawa ya kutafuna, kisha akasimama kwenye mlango wa ndani na sinia lake.

Kahangwa ndiye aliyefungua. Akaeleza habari ya nduru, majani na kuni, jinsi kilima kilivyoacha kulima siku nzima, jinsi mke wa nyumba alivyomtangazia msiba nyineka aliye hai.

"Na wewe ukaulizia mbao," akasema Nicholaus kutoka kwenye kiti chake.

Watu wakacheka. Kahangwa akasubiri. "Hilo tuliache, kaka. Tuna jambo la mtoto. Mama yake ana kazi ya chuo, ana masomo, juu yake ameongeza mbio. Hatumkatazi, nyakati zimebadilika. Lakini mtoto ni wa ukoo. Bibi yake ameomba kumlea, na sisi tunaona ni jambo jema. Januari abaki hapa."

Nikasema, "Hamjaniuliza."

"Tunakuuliza sasa."

"Sikubali."

Kahangwa akatabasamu kama mtu aliyelitarajia jibu hilo, akageukia upande wa pili. "Baba mtu, unasemaje?"

Nilimtazama mume wangu. Nilikuwa nimemwachia yeye, kama alivyotaka. Alikuwa anatazama mikono yake. Kisha akasema, taratibu, kwa ile sauti ya asali, "Mimi nitafuata busara ya wazee."

Miezi miwili namchukia mama yake na Lwakatare na Kahangwa na mji mzima, na yule niliyempigia simu kila jioni kumlilia amenikalia hapo na koti lake.

"Basi imekwisha," akasema Kahangwa. Akageuka mlangoni, kwa kukamilisha tu desturi. "Getruda, chumba cha mtoto kipo?"

"Chumba kipo," akasema Getruda. "Mtoto sijaomba."

Nilidhani sikusikia vizuri. Hata Kahangwa. "Unasemaje, waitu?"

"Nasema sijaomba mtoto. Aliyeomba ni Avit. Alinipigia simu mwezi wa tisa. Akasema, mama, sema ni wewe unayemtaka, Jesca hawezi kukukatalia wewe. Nikasema, maana ni mwanangu. Nimekwenda Bukoba, nimekaa wiki mbili, nimetazama. Mtoto anakula, analala, anasoma. Ndizi hakujua kumenya, nimemfundisha. Nilimwambia Avit kwa simu, mtoto yuko sawa, niache. Akasema subiri kikao."

"Mama," akasema Avit.

"Nyamaza. Mmenisimamisha hapa kama ni mimi mwenye njaa ya watoto." Aliliweka sinia chini. "Nimelea wajukuu watatu ambao baba zao tumewazika pale chini kwenye migomba. Mnawajua, mlikuja wenyewe na majani ya msiba. Wale niliwalea na sikuchoka, maana hawakuwa na mtu. Huyu baba yake yuko hai, kavaa koti. Mimi silei mtoto wa mtu aliye hai."

Hakuna aliyetafuna kahawa. Nicholaus alianza kukohoa, na mimi nina hakika hakikuwa kifua.

Nadhani nilitabasamu, maana Getruda alinigeukia mimi. "Na wewe usicheke. Umeniletea kilima kizima uani na nyumbani hamna hata unga. Ukija tena Rubya na hiyo suruali yako, kimbilia bondeni huko, usipite kanisani."

"Ndiyo, mama," nikasema. Nilitaka kumkumbatia, lakini alikuwa amekasirika kweli, na mimi nilimwogopa na kumpenda kwa wakati mmoja.

Kahangwa akasema kikao kimeahirishwa. Wanaume wakatoka nje kuangalia mvua kana kwamba hawajawahi kuiona. Nilipoingia ndani kumtafuta Joanitha nilimkuta hapohapo, nyuma ya mlango. Hakwenda kucheza. Alikuwa amekaa chini na kiatu kimoja, ametulia tuli.

Avit alikuwa ameazima gari la rafiki yake wa Muleba. Tuliondoka mchana. Sikutaka kukaa naye mbele, lakini nyuma kulikuwa na mikungu ya ndizi na Joanitha. Tukaipita Muleba. Mvua ilikuwa inapiga kioo.

"Nilitaka umalize haraka," akaanza Avit. "Uhamie Dodoma tuwe pamoja. Watu ofisini wananiuliza, mkeo anakimbia kwenda wapi, mwanao yuko na nani. Nitawajibu nini?"

"Ulininunulia raba mwezi huohuo," nikasema.

"Nilikununulia kwa moyo mmoja, Jesca."

Nikahesabu moyoni mambo ya kumwambia. Yalikuwa mengi na yote yalikuwa ya kweli, na nilikuwa nayapanga, lipi litamuuma zaidi liwe la mwisho. Ndipo Joanitha akazungumza huko nyuma kati ya mikungu. Hakulia. Aliuliza kama anavyouliza kesho ni siku gani.

"Bibi kasema hanilei. Na wewe baba ulitaka nisikae na mama, na kwako hukusema niende. Sasa mimi nimewaudhi nini?"

Avit akaegesha gari pembeni. Injini ikawa inaunguruma, mafuta yanakwenda bure. Akanitazama. Nalijua lile jicho. Ni lilelile la kila mara mtoto anapougua, kila mara mwalimu anapoita wazazi: wewe unajua kusema naye, sema naye.

Nilinyoosha mkono nyuma nikamshika goti. "Unakaa na mimi," nikamwambia. "Leo, na Januari, na mwakani. Hilo limekwisha. Na bibi hujamuudhi, anakupenda, yeye alimkasirikia baba." Kisha nikamgeukia Avit. "Hilo la pili ni lako. Mjibu."

"Jesca, tafadhali."

"Mjibu."

Nikashuka nikafunga mlango. Mvua ilikuwa kubwa, na nilikuwa na viatu vyangu vya kikaoni. Gari moja lilinipita likapiga honi, dereva anashangaa mwanamke gani huyu anasimama mvuani wakati gari analo. Kupitia kioo nilimwona Avit amegeuka nyuma, mdomo unafunguka, unafumba, unafunguka tena, na Joanitha amemkazia macho, anasubiri. Nilikuwa na maneno ya kumpa, mengi tu. Sikumpa hata moja. Nilisimama palepale nikalowa, nikamwacha ayatafute mwenyewe.